Mdogo Wangu, Unamchezea Nani?

Wadogo zangu wa Kilosa na Mikumi, sogeeni tuongee. Leo nina neno na ninyi mnaoshika raketi, ila wewe wa netiboli na wewe wa mbio msiondoke, maana ugonjwa wenu ni mmoja.

Mazoezini unacheza vizuri mpaka watu wanasimama kukutazama. Siku ya mashindano mkono unakuwa mzito. Unarusha mpira uanzishe, macho yako kwa baba pale pembeni, na moyoni unapiga hesabu: nikishinda nitasifiwa, nikifungwa nitachekwa. Mpira unagonga neti. Unarudia, neti tena. Umeshajifunga mwenyewe kabla mwenzako hajakugusa! Usilie, mdogo wangu, yanawakuta wengi.

Mtaalamu wa saikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alichunguza kwa miaka mingi ile hali ya mtu kuzama kwenye jambo hadi akasahau saa na watu. Aliona huja pale kazi inapolingana na uwezo wako: ikikuzidi mno unaingiwa na hofu, ikiwa nyepesi mno inakuchosha. Tena humjia zaidi anayelipenda jambo lenyewe kuliko zawadi yake.

Sasa wewe jioni unamtafuta mtoto anayejifunza, unamfunga, unatamba mtaa mzima. Kesho yake kaka mkubwa anakutwanga sita bila, unasema tenisi basi. Hapana! Tafuta anayekuzidi kidogo tu. Akikosekana, ukuta wa shule upo. Chora mstari wa chaki futi 3 kutoka chini, ndicho kimo cha neti pale katikati, kisha piga juu yake mipira kumi mfululizo. Ukikosa, anza moja. Ukuta hausifii wala hauzomei, ila kila mpira unakujibu papo hapo kama umepiga sawa.

Mwangalieni Angella Okutoyi, mcheza tenisi wa Nairobi. Mama yake alifariki akijifungua yeye na pacha wake, bibi yao akawalea. Januari 2022, huko Australia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye Grand Slam, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi. Julai akachukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili kwa wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kombe lilikuja mwishoni. Kilichotangulia ni miaka ya kupiga mpira.

Kwa hiyo baba akija uwanjani, msalimie kwa heshima, kisha mwache pembeni. Yako ni pointi hii moja. Ukiikosa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ipo nyingine inakuja. Narudia kwa kuwa nawajua: anayecheza kwa ajili ya makofi, siku yakikosekana makofi na mchezo unamtoka.

Usiku jiulize: kesho kama hakuna kombe wala mtazamaji, nitaenda kupiga mpira? Ukijibu ndiyo, wewe ni mchezaji, endelea. Ukijibu hapana, huenda mchezo wako ni mwingine. Hilo si kosa, mdogo wangu. Nenda kautafute.