Mafunzo Niliyopata kwa Mwani wa Seli Moja

Nafundisha biolojia, na hakuna kiumbe kilichonielewesha seli kama Chlamydomonas, mwani wa kijani unaoishi kwenye maji baridi na udongo wenye unyevu.

1. Kisichobadilika umbo hakijatulia.

Chini ya hadubini utaona kitone cha kijani chenye flajela mbili, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mikromita 12. Utadhani zilishamaliza kujengwa. Kumbe kwenye ncha zake protini ya tubulini inabanduka muda wote, na nyingine inasafirishwa kwenda kujaza nafasi. Usafiri huo wa kwenda na kurudi ndani ya flajela ulionekana kwa mara ya kwanza katika maabara ya Joel Rosenbaum, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na ukatangazwa mwaka 1993.

2. Ukitaka kujua kinachodhibiti kitu, kivuruge.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote Rosenbaum na wenzake walilichapisha mwaka 1969. Waliondoa flajela moja, nyingine wakaiacha. Ile nzima ikaanza kufupika huku iliyokatwa ikichipua! Zilipolingana, zikarefuka pamoja hadi kimo cha awali. Walipokata zote mbili na kuizuia seli isitengeneze protini mpya, zilichipua vilevile, ila zikaishia karibu nusu ya urefu wa kawaida. Seli ina akiba, na flajela zote mbili zinachota humo. Nikifika hapa darasani huwa sina haraka, kwa sababu swali gumu linabaki palepale: akiba ikiwa ya kutosha, kwa nini flajela isiendelee kurefuka tu?

3. Urefu sahihi hauhitaji rula.

Mwaka 2001 Wallace Marshall na Rosenbaum walipendekeza jibu ambalo kwangu ni zuri mno kwa wepesi wake. Kubomoka kunakwenda kwa kasi ileile, flajela iwe fupi au ndefu. Kujengwa kunapungua kasi kadiri inavyorefuka. Kasi hizo mbili zikilingana, urefu unasimama. Mjadala haukuishia hapo: tafiti za baadaye zilionyesha kuwa seli pia hupunguza shehena inayoingia kwenye flajela iliyokwisha kurefuka. Tena upo mwani wa aina hii ambao jeni yake moja tu imeharibika, na flajela zake zimerefuka kupita kiasi.

4. Mambo ya dimbwini yanafika hadi figoni.

Silia za seli zetu zimeundwa kwa mpango uleule wa flajela hizi. Mwaka 2000 ilibainika kwamba jeni moja ambayo mwani huu unaihitaji ili kujenga flajela inalingana na jeni ya panya ambayo ikiharibika, silia za figo zinakuwa fupi na figo inajaa vifuko vya maji.

Mwalimu mwenzangu, ukichora seli ubaoni, waulize wanafunzi kwa nini kila oganeli ina ukubwa ule, kabla hujawapa majina ya kukariri.