Furu wa Miambani: Kwa Nini Samaki Yuleyule Ana Majina Mawili?

Samaki ni mmoja, mbona vitabu vinatofautiana?
Anayevuka kutoka Kigongo kwenda Busisi anapita juu ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, ambayo furu wake wamewaumiza vichwa wanasayansi kwa miongo. Mwaka 1985 watafiti Witte-Maas na Witte walimpa furu mmoja wa miambani jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake wakamtoa kwenye Haplochromis, jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) kubwa, na kumweka katika jenasi mpya, Pundamilia. Jenasi nyingine waliyoianzisha, Mbipia, imetokana na mbipi, jina la kienyeji la furu wa miambani.

Wanatazama nini mwilini?
Karibu kila kitu. Hupimwa kichwa, jicho na taya. Huhesabiwa magamba ya mstari wa ubavuni. Meno hukaguliwa kwa hadubini, moja moja. Kisha hupasuliwa koo, kwa kuwa furu ana taya la pili humo. Mla konokono huwa na taya nene lenye meno butu ya kusagia. Mla vijidudu vya majini huwa na taya jembamba. Kazi hii inachosha macho, na kipimo kimoja hakitoshi kuhamisha jina: zinahitajika sifa kadhaa zinazoelekea upande mmoja.

Rangi je?
Inasaidia, ila ina hila. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu. Dume wa ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa bluu na kijivu. Wote wawili wana mistari ya wima, na majike yao hufanana mno. Zaidi ya hapo, jike humchagua dume kwa rangi. Utafiti wa Seehausen na wenzake uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na aina hizi huanza kuchanganyika. Hapo hata mpimaji hodari hukwama.

Wataalamu wamekubaliana?
Hapana. Wapo wanaoandika Haplochromis nyererei hadi leo, na hawajakosea: neno la pili limebaki lilelile, kinachobishaniwa ni jenasi.

Mvuvi inamhusu nini?
Sangara, samaki mkubwa anayewala furu, alipoongezeka katika miaka ya 1980, furu wa ghuba hii walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Huwezi kujua umepoteza nini kama aina tatu zimeandikwa kwa jina moja.

Nikivua furu nisiyemfahamu?
Mpige picha papo hapo, ubavu wa kushoto, mapezi yakiwa yamekunjuliwa, kwani rangi hufifia akishakufa. Andika kina, na kisiwa au mwamba ulipomtoa. Mhifadhi kwenye barafu, umpeleke kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) Mwanza. Usimpare magamba.