Motokari Ndogo ya Bugatti

Vijana wawili walitoka ziwani Bukavu, wakapanda mlima kwenda Kadutu. Mmoja alikuwa na nguvu nyingi, lakini alibeba gunia la makaa. Mwenzake alikuwa mdogo, naye alibeba kikapu cha sambaza. Nani alitangulia kufika? Yule mdogo, kwa sababu mzigo wake ulikuwa mwepesi.

Ettore Bugatti alilifahamu jambo hilo vizuri. Alizaliwa Milano, Italia, mwaka 1881. Baba yake alikuwa fundi wa viti na meza. Mwaka 1910 Bugatti alikuwa akiunda motokari katika mji wa Molsheim, ambao leo ni wa Ufaransa.

Siku zile mafundi wengi walifikiri hivi: ukitaka mwendo mkali, weka injini kubwa. Lakini injini kubwa ni nzito, nayo hutaka chuma kinene cha kuishika. Gari zito hukawia kuondoka, hukawia kusimama, tena humaliza mipira ya magurudumu upesi.

Bugatti alifuata njia nyingine. Motokari yake, iliyoitwa Type 13, ilikuwa na uzito wa kilo 300 hivi. Injini yake ilikuwa ndogo, yenye silinda 4. Kila silinda ilikuwa na vali 2, yaani milango midogo: mmoja wa kuingiza hewa na petroli, mmoja wa kutoa moshi. Mhimili wa kuifungua milango hiyo aliuweka juu, karibu nayo. Kwa hiyo ilifunguka upesi, na injini ikazunguka kwa kasi.

Julai 1911 palikuwa na mashindano huko Le Mans, Ufaransa. Motokari ya Bugatti, iliyoendeshwa na Ernest Friderich, ilikuwa kama ndama kati ya mafahali. Njiani nyingine ziliharibika. Victor Hémery alishinda kwa Fiat yenye injini ya lita 10. Nani alimfuata? Friderich, kwa injini isiyofika hata lita moja na nusu!

Bugatti hakuacha kazi. Aliongeza vali, zikawa 4 kwa kila silinda. Mwaka 1921, huko Brescia, Italia, motokari zake ndogo zilishika nafasi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4.

Mungu hakuwapa watu wote nguvu sawasawa. Mwenye nguvu kidogo atumie akili, aondoe mzigo usio na faida.

Maswali
1. Kwa nini kijana mdogo alitangulia?
2. Vali hufanya kazi gani?
3. Gari zito lina hasara gani?