Mzaha wa watani msibani

Swali: Kwa nini watani hufanya mzaha msibani, na wafiwa hawakasiriki?

Jibu: Nachingwea na Ruangwa, waishiko Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, utani ni wajibu wa kurithi. Chimbuko lake hutajwa kuwa vita na misafara ya biashara ya karne ya 19: waliopigana au kupokeana njiani waligeuka watani. Msibani mtani hushika jembe na kuchimba kaburi, kisha huigiza mwendo wa marehemu, au huziba njia ya jeneza mpaka apewe chochote. Ujasiri huo una mpaka, na ndio uzuri wake: hutaniwa mtani tu, naye hulipiza zamu yake ikifika. Kicheko huwarudishia wafiwa nguvu ya kula na kupanga kesho. Asiyewajua watani wake awaulize wazee wa ukoo mapema.