Mgodi Ukipima Kisima, Nanyi Ipimeni Ripoti

Mgodi unapoomba kibali cha kuvuta maji ardhini, huambatanisha ripoti ya upimaji wa wingi wa maji. Ripoti hiyo hupitiwa na Bodi ya Maji ya Bonde, na katika tathmini ya mazingira hufika Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Nanyi wanakijiji huitwa kwenye mkutano wa wadau. Wengi hutoka mkutanoni na jambo moja: kisima kinatoa lita kadhaa kwa sekunde. Hilo ndilo mgodi unalotaka kujua. Ninyi mnatakiwa kujua jingine: visima vyenu vitashuka kiasi gani, na baada ya muda gani. Ombeni ripoti mapema, muisome mkishika swali hilo.

1. Tazameni tarehe. Kisima kilichopimwa masika ikiisha huonekana kina neema. Katika Kanda ya Ziwa, kipimo cha haki ni cha mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Kama kimefanyika Mei, ombeni kirudiwe.

2. Hesabuni saa. Upimaji kamili una sehemu tatu. Kwanza pampu huongezwa nguvu hatua kwa hatua ili kuona kisima kinahimili kiasi gani. Kisha hupampuliwa kwa kiwango kimoja bila kusimama, kwa kawaida saa 24 hadi 72. Mwisho pampu huzimwa na maji hupimwa yanavyopanda.

Muda mrefu una sababu. Katika miamba ya dhahabu ya Geita na Mara, sehemu kubwa ya maji hukaa kwenye nyufa. Saa za mwanzo pampu hunywa maji yaliyojaa kwenye nyufa zilizo karibu. Yakipungua, kiwango huweza kuporomoka ghafla. Kwa hiyo chunguzeni mchoro wa kushuka kwa maji. Mstari ukiinama zaidi kuelekea mwisho, huenda mvuto wa pampu umefika kwenye mwamba usiopitisha maji. Na kama baada ya kuzimwa maji hayakurudi karibu na yalipokuwa, akiba ya ardhini ni ndogo.

3. Ulizeni kilichopimwa nje ya kisima. Hapa ndipo msikubali kupitishwa haraka. Pampu ikivuta, maji ya ardhini hushuka pande zote kwa umbo la faneli, na upana wa faneli hiyo ndio unaoamua kama kisima chenu kitaguswa. Kisima kinachopampuliwa hakiwezi peke yake kuuonyesha. Vinatakiwa visima vya uangalizi, angalau viwili vyenye umbali tofauti, pamoja na visima vya kijiji vilivyo jirani. Ombeni mjumbe wa kamati ya maji awepo wakati wa kupima na asaini vipimo vya visima vyenu. Ulizeni pia maji yaliyopampuliwa yalimwagwa wapi. Yakimwagwa jirani, huzama na kurudi kisimani, na matokeo huonekana mazuri kuliko hali halisi.

4. Daini daftari la vipimo. Muhtasari hautoshi. Daftari huonyesha muda, kina cha maji na kiasi kilichotoka. Mwanzoni vipimo huchukuliwa kila dakika au chini ya hapo, kisha nafasi kati ya kipimo na kipimo huongezwa taratibu. Pengo la saa nzima mwanzoni, au kiwango cha kupampu kilichobadilika katikati, lazima vielezwe.

5. Geuzeni lita kuwa siku. Lita 10 kwa sekunde ni mita za ujazo 864 kwa siku. Linganisheni na kiasi kilichoombwa kwenye kibali. Ulizeni pia kuhusu shimo lenyewe: likichimbwa chini ya kiwango cha maji, mgodi utalazimika kuyatoa hata kama hauyahitaji. Maji hayo nayo yaingie kwenye hesabu.

6. Pateni vipimo vya ubora kabla ya kazi kuanza. Mwamba wenye salfaidi ukikutana na hewa na maji huzalisha asidi, na asidi huyeyusha metali. Visima vya kijiji vipimwe sasa: asidi, chumvi, salfeti, arseniki. Bila rekodi ya leo, kesho itakuwa vigumu kuthibitisha kilichobadilika.

7. Likagueni bwawa la mabaki ya mgodi kwa macho ya mvua. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka na tope likafika kwenye nyumba na mashamba. Ili kujua kama bwawa litahimili mvua, ombeni mizania ya maji: yanayoingia, yanayotumika, yanayokauka kwa jua. Mvua ya milimita 100 juu ya bwawa la hekta 20 huongeza mita za ujazo 20,000, na hapo hamjahesabu maji yanayotiririka kutoka milimani. Je, kati ya maji na ukingo wa ukuta kuna nafasi ya kuyapokea? Sakafu imezibwa kwa kitu gani? Visima vya kugundua mvujo viko wapi? Nani atawapigia simu usiku ukuta ukipasuka?

8. Geuzeni maswali kuwa masharti. Sera ya Maji ya 2002 inaweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya matumizi mengine, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka mtumiaji kama mgodi awe na kibali. Ombeni masharti yenu yaingie kwenye kibali hicho. Kiwekwe kina cha kikomo katika kila kisima cha kijiji, ambacho maji yakikifikia mgodi unapunguza kupampu mara moja na kuwaletea maji. Vipimo vya kila mwezi vibandikwe ofisi ya kijiji.

Maneno ya mkutanoni husahaulika. Andikeni masharti hayo kwa barua kupitia serikali ya kijiji, mpeleke nakala kwa Bodi ya Bonde na NEMC, na mbaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Hiyo ndiyo mtakayoishika siku kisima kitakaposhuka kupita kikomo.