Kumwagilia Okidi za Nchi ya Baridi

Somo hili ni la mkulima wa nyanda za juu aliye na vyungu vichache vya okidi barazani au katika kibanda cha kivuli, naye ataka kupata maua ya kuuza. Okidi tutakayoieleza ni simbidiamu. Asili yake hasa ni Asia, na aina nyingi zenye maua makubwa zimetokana na mimea ya milima ya Himalaya, mahali penye mvua nyingi wakati wa joto na penye usiku wa baridi. Kwa hiyo huipenda hali ya hewa ya mahali kama Limuru, Lushoto na Njombe, lakini katika joto la pwani haichanui vizuri.

Mche uliotokana na mbegu huchukua miaka 3, 4 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Mkulima akiupoteza, amepoteza na kazi ya miaka hiyo yote. Na okidi nyingi za nyumbani hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi kuliko zinavyokufa kwa kiu. Basi tusome kwa uangalifu.

1. JINSI MIZIZI INAVYOKUNYWA

Mzizi wa okidi haufanani na mzizi wa hindi au wa kabichi. Ni mnene, mweupe, na umevikwa ganda laini kama sifongo. Maji yakipita, ganda hilo huyanyonya upesi na kuyapeleka ndani. Baada ya hapo mzizi wataka hewa. Ukikaa majini siku nyingi hukosa pumzi, huoza, na hauwezi kunywa tena.

Juu ya mizizi kuna matunguu ya kijani yaliyobanana. Hayo ndiyo ghala ya maji ya mmea. Kwa sababu ya ghala hiyo, okidi yenye afya haidhuriki ikichelewa kumwagiliwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo usipande okidi hii katika udongo wa shamba, maana udongo hushikana na kuzuia hewa. Tumia magome ya misindano (paini) yaliyokatwa vipande vidogo, uyachanganye na vipande vya makaa na kokoto. Chungu kiwe na matundu ya kutosha chini.

2. KUJUA WAKATI WA KUMWAGILIA

Wakulima wengi hujiwekea siku, kwa mfano kila Jumatatu na Alhamisi. Desturi hiyo si nzuri. Juma la jua na upepo hukausha chungu upesi, na juma la ukungu hukiacha kimelowa. Chungu chenyewe ndicho kitakachokuambia. Fanya hivi:

(a) Mwagilia chungu kimoja hadi kilowe kabisa, ngoja maji yaishe kuchuruzika, kisha kiinue kwa mikono. Ukumbuke uzito wake.

(b) Kiinue tena kila asubuhi. Utaona kinapungua uzito siku hata siku.

(c) Kikiwa chepesi, chomeka kijiti kikavu katika magome kwa kina cha sentimita 5 hadi 7. Ngoja dakika 10, ukichomoe. Kikitoka na unyevu mwingi, usimwagilie. Kikitoka na unyevu kidogo sana, mwagilia siku hiyo.

Usingoje magome yakauke kabisa, kwa maana simbidiamu haipendi ukame mrefu. Baada ya majuma machache mikono yako itazoea, nawe hutahitaji kijiti.

Magome ya juu yasikudanganye. Hukauka kwanza, huku ya chini yakiwa bado yamelowa.

3. NAMNA YA KUMWAGILIA

Mwagilia asubuhi, ili majani yakauke kabla ya baridi ya usiku. Maji yakilala katikati ya chipukizi changa, huweza kulioza.

Mimina polepole pande zote za chungu mpaka maji yatoke chini. Ngoja kidogo, kisha mimina mara ya pili. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku hulowesha magome ya juu tu na kuiacha mizizi ya chini na kiu.

Usikiache chungu kikae ndani ya sahani yenye maji. Wala usipange vyungu vingi katika beseni moja, maana magonjwa huweza kupita kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa njia ya maji hayo.

4. MAJI YANAYOFAA

Maji ya mvua ndiyo bora. Yakinge kutoka kwenye bati safi, uyaweke katika pipa lenye kifuniko ili mbu wasizaliane. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayafai, kwa sababu chumvi hubaki katika magome na kuunguza ncha za mizizi. Dalili yake ni ncha za majani kuwa nyeusi, na utando mweupe juu ya magome au ukingoni mwa chungu.

Ukitia mbolea ya kuyeyusha, tumia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na kwanza uyaloweshe magome kwa maji matupu. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu kwa wingi ili kuosha chumvi.

5. MAJIRA YA MWAKA

Wakati wa mvua nyingi, weka vyungu chini ya paa linalopitisha mwanga. Mvua ya siku moja haidhuru, bali mvua ya juma zima huozesha.

Wakati wa jua kali, huenda chungu kikahitaji maji kila baada ya siku 2 au 3. Kipime kila siku.

Wakati wa baridi, punguza maji lakini usiyakatize kabisa. Usiku wenye baridi ya nyuzi 10 hadi 14 za sentigredi huusaidia mmea kutoa vikonyo vya maua. Kikonyo kikisha kutokea, usiuache mmea ukauke, maana vitumba huweza kupukutika. Mahali penye sakitu, ingiza vyungu ndani usiku.

6. UGONJWA UNAOFANANA NA KIU

Hapa ndipo mimea mingi hupotea. Mkulima huona matunguu yamekunjamana, husema, “Ina kiu,” akaongeza maji. Kabla ya kuongeza, yatazame matunguu machanga, maana yale ya zamani hukunjamana kwa uzee. Kisha inua chungu.

Kikiwa chepesi, ni kiu kweli. Mwagilia, nawe utaona nafuu baada ya siku kadhaa.

Kikiwa kizito, mizizi imeoza. Maji yamo, lakini mmea hauna cha kuyanywea. Ukiongeza maji utauua. Utoe mmea chunguni. Kata mizizi yote iliyo laini na ya rangi ya kahawia kwa kisu kilichopitishwa motoni, uiache ile migumu na myeupe. Panda upya katika magome mapya na chungu kidogo zaidi. Uweke kivulini, na umwagilie kidogo sana mpaka mizizi mipya itokee.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini udongo wa shamba haufai kwa okidi hii?
2. Matunguu machanga yamekunjamana na chungu ni kizito. Utafanya nini?
3. Kwa nini tunamwagilia asubuhi?

Ukishindwa kuutambua ugonjwa, mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa karibu chungu kizima pamoja na mizizi yake. Jani peke yake halitamwonyesha kilichotokea chini.