Kuku Huyu Alipewa Dawa Lini? Mwongozo kwa Mnunuzi na Mfugaji wa Korogwe na Handeni

Kaa nusu saa kwenye benchi la mama lishe pale stendi ya Korogwe, mabasi ya Moshi na Arusha yakishusha watu, na hutakosa kumsikia mtu akisema: "Mie kuku wa kisasa sili. Wale sindano tupu." Asubuhi hiyohiyo amekunywa chai ya maziwa, na hakuuliza ng'ombe aliyekamuliwa alichomwa nini juzi. Mwongozo huu ni wa kumsaidia mtu huyo ahamishie wasiwasi wake mahali unapostahili.

Hatua ya 1: Acha kutafuta homoni kwa kuku

Kuku wa nyama hufika kilo mbili kwa wiki tano au sita kwa sababu ya mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo ningependa libandikwe kwenye kila kibanda cha chipsi. Walilea pamoja kuku wa mbegu ya 1957, ya 1978 na ya 2005, chakula kikiwa kilekile. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na uzito wa gramu 905, na wa 2005 alikuwa na kilo 4.2. Hata kama mfugaji angezipata homoni za ukuaji, ukimlisha kuku zinameng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Ingebidi achome sindano kuku mmoja mmoja, tena mara kwa mara. Nani mwenye kuku 300 ataiweza kazi hiyo?

Kwa ng'ombe ni habari nyingine. Marekani hupandikiza homoni chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe wa kunenepeshwa, na Ulaya iliifungia nyama hiyo mlango mwaka 1989. Ng'ombe wa Mkata au Msomera anayetembea kutwa akitafuta majani hajakutana na mambo hayo.

Uvumi wa kuku kulishwa ARV nao una mzizi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Dawa ya Uganda ilikiri mbele ya Bunge la nchi hiyo kwamba kuna wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa hizo. Hiyo ni sababu ya kuuliza maswali sokoni, ila swali kubwa zaidi linahusu dawa za kawaida kabisa, zile zinazouzwa duka la pembejeo mchana kweupe.

Hatua ya 2: Jua siku za kusubiri

Kila antibiotiki ya mifugo huacha mabaki mwilini kwa muda, na mtengenezaji huandika kwenye lebo ni siku ngapi zipite kabla ya nyama, maziwa au mayai kutumiwa. Lebo nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo tafuta maneno "withdrawal period". Siku za nyama na siku za maziwa hutofautiana, na dawa moja inaweza kuwa na siku tofauti kulingana na nguvu yake. Oksitetrasaiklini ya sindano ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, kwa kawaida hudai siku 28 kwa nyama na 7 kwa maziwa. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai, na lebo husema hivyo.

Tatizo ni hesabu ya mfukoni. Chukua kuku 100 waliokusudiwa kuuzwa siku ya 35. Siku ya 31 wanaanza kukoroma, mfugaji anatia dawa kwenye maji kwa siku tatu, na lebo inasema asubiri siku 7 baada ya dozi ya mwisho. Sasa atauza siku ya 40. Kuku 100 wa umri huo hula zaidi ya kilo 15 kwa siku, kwa hiyo siku tano za nyongeza zinameza mfuko mzima wa kilo 50 na nusu ya mwingine. Tajiri wa hoteli anapiga simu, anataka kuku leo. Unadhani mfugaji atafanya nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipowafuata wafugaji wa kuku wa nyama mjini Morogoro, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta wengi wakichinja kabla ya siku kuisha, na mabaki ya dawa kwenye maini mengi waliyopima.

Hatua ya 3: Uliza tarehe

Ukimuuliza muuzaji, "Kuku wako wana dawa?" atajibu hapana, na wewe ungejibu vivyo hivyo. Uliza hivi: "Shikamoo mama. Hawa mara ya mwisho uliwawekea dawa kwenye maji lini?" Swali la tarehe halimshtaki mtu, na anayefuga kwa uangalifu hulijibu bila kukuna kichwa. Akisema ni juzi, usimkimbie. Mwachie kianzio, mkubaliane uwachukue wiki ijayo, na ukiweza mwongeze kidogo kwa ajili ya chakula cha siku hizo. Mnunuzi anayetaka kuku salama kwa bei ya kuku wa haraka hamtendei haki mfugaji.

Hatua ya 4: Maziwa, jaribu kwa vikombe viwili

Hapa nitakaa kidogo, maana maziwa ndiyo chakula cha watoto na wagonjwa. Utafiti wa maziwa yaliyouzwa Dar es Salaam na Mwanza, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta mabaki ya antibiotiki katika zaidi ya theluthi ya sampuli. Kuchemsha huua vijidudu, lakini dawa nyingi haziondoki kwa moto.

Kipimo cha nyumbani kipo, na bibi zetu walikuwa nacho bila kukiita kipimo. Ni mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa hufa au huzubaa wakikutana na antibiotiki, penisilini hasa. Chukua maziwa unayoyatilia shaka na mengine ya ng'ombe wa jirani ambaye hajatibiwa kwa miezi. Chemsha kila moja kwenye sufuria yake, acha yapoe hadi kidole kivumilie, mimina kwenye vikombe viwili, kisha tia kila kikombe kijiko kimoja cha mtindi uleule. Funika, weka pamoja kwenye rafu ya jikoni. Kwa joto la Korogwe, kufikia asubuhi kikombe cha jirani kitakuwa kimeshikana. Ukikiinamisha kinatikisika chote kwa pamoja. Mara ya kwanza kujaribu, kikombe changu cha pili kilikuwa majimaji, na harufu yake ilikuwa bado ya maziwa yasiyochacha. Niliyaweka mpaka mchana, hayakubadilika.

Usikitumie kipimo hiki kumpeleka mtu polisi. Maziwa yanaweza kukataa kuganda kwa sababu nyingine, na yanaweza kuganda vizuri huku yakiwa na dawa kidogo. Kikombe kikigoma mara mbili, zungumza na mwenye ng'ombe.

Hatua ya 5: Buchani

Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama, ila ujue unachokuambia. Mkaguzi hutazama maini, mapafu, tezi na minyoo. Haoni mabaki ya dawa, kwani hayo hutaka maabara. Ng'ombe aliyechomwa sindano wiki iliyopita, asipopona, hupelekwa mnadani kabla hajafa. Kwa hiyo swali la tarehe ni la mchinjaji pia.

Hatua ya 6: Kama wewe ndiye mfugaji

Nunua daftari la kurasa 48. Andika tarehe, mnyama, dawa, na siku ya kuruhusiwa kuuza. Mfunge ng'ombe aliyetibiwa utepe mguuni, ili hata kijana anayekuja kukamua alfajiri ajue. Ukimtibu chuchu moja kwa ugonjwa wa kiwele, mwaga maziwa ya chuchu zote nne, kwa sababu dawa hupita kwenye damu.

Usipoteze antibiotiki kwa mdondo. Mdondo huletwa na kirusi, na oksitetrasaiklini haikifanyi chochote. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Banda lililochanjwa na kukauka vizuri halihitaji dawa nyingi.

Mahindi yaliyoota ukungu baada ya masika usiwape kuku wala ng'ombe eti kwa kuwa binadamu ameyakataa. Sumukuvu hupita kwenye maziwa, na moto hauiondoi. Kiteto, wanaopakana na Kilindi, walikuwa miongoni mwa waliokumbwa na sumu hiyo mwaka 2016, na watu walikufa.

Hatua ya 7: Paketi za watoto

Juisi za unga na peremende, soma rangi zake. Ukiona E102, hiyo ni tatrazini. Imeruhusiwa, ila Ulaya tangu 2010 hulazimisha onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu wa watoto. Kwangu mimi, machungwa ya Kabuku yapo.

Hatua ya 8: Ukikuta mambo mabaya

Dawa ya mifugo isiyosajiliwa ni ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chakula cha paketi, tangu 2019, ni cha TBS, shirika la viwango. Mengine anza na afisa mifugo wa kata. Kabla hujaenda, piga picha lebo na namba ya toleo la dawa, kabla chupa haijatupwa jalalani. Bila namba hiyo afisa hana pa kuanzia.